Ukuta ni wa Anayerudi

Kuta zote mnazoziona kijijini kwetu kando ya barabara ya Mikumi, kuanzia penye kisima hadi kwa marehemu Ulimboka, nilizichora mimi Odilia. Hakuna aliyenifundisha. Juzi mjukuu wa Magreti alikuja na wenzake wa chuo, akaniuliza, "Bibi, unapochora unafuata nini?" Nikamwambia nitamwandikia, maana nikianza kusema bibi yake hunikatiza. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru, na mwalimu alisema mwandiko wangu unapanda mlima. Sawa. Nimezaliwa mlimani.

Kwetu ni Vidunda. Kule juu hakuna nyumba inayofanana na mwenzake. Moja imekaa kwenye bega la mlima, nyingine imejificha migombani, ya tatu mlango wake unatazama korongo kwa sababu mwenyewe aligombana na kaka yake na hakutaka kumwona asubuhi. Mtu anarudi kwake hata kama kichwa ameinamisha, miguu inajua. Kuchora ukuta ilikuwa raha tu. Udongo mweupe tuliuchimba kando ya kijito, mwekundu tuliuokota njiani, weusi ni masizi ya chungu. Ukitafuna ncha ya kijiti unapata brashi. Wanawake wote walichora, mimi nikawazidi. Ukuta wa mama yangu ulijaa hadi ukiegemeza ungo umefunika ua.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Tukaambiwa tushuke, tukashuka, sisi na kuku wetu, hadi tambarare, tukachanganywa na watu wa huku waliokuwa na misikiti yao na mashamba yao ya mpunga. Mwenyekiti wetu alikuwa Ulimboka. Ulimboka alikuwa mkulima kama sisi, ila yeye alikuwa na kamba. Alipigilia vigingi, akavuta kamba, akatujengesha nyumba zote juu ya mstari huo: ukubwa mmoja, nyasi zile zile, milango yote inatazama barabara. Ukisimama mwanzo wa mstari huioni nyumba ya pili, imejificha nyuma ya ya kwanza. Ulimboka alikuwa akisimama hapo kila asubuhi, jicho moja amelifumba, anatabasamu.

Alikuwa pia na viatu. Vyeusi, vya kamba. Alivinunua Kilosa siku alipochaguliwa. Namba yake haikuwepo, akachukua iliyokuwepo. Alitembea kama mtu aliyekanyaga makaa lakini anaona aibu kuruka.

Haukupita muda tukaanza kupotea. Mume wangu Urbanus ndiye aliyefungua njia. Alitoka shamba la ujamaa jua la utosi, macho yamejaa mwanga, akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda.

"Maji," akasema.

Akaletewa maji.

"Chakula."

Akaletewa ugali na mlenda. Akala, akalamba vidole, akasema kwa mshangao, "Leo mlenda umepata chumvi! Kumetokea nini?"

Sauti ikamjibu kutoka nyuma ya kiambaza, "Kumetokea kwamba uko kwangu, shemeji."

Alikuwa Mwanasha, mwanamke wa huku huku tambarare, jirani yetu wa tatu. Kwao mgeni haulizwi habari zake kabla hajala, kwa hiyo alimwacha amalize. Kisha akamshika mkono wa shati, akamleta hadi mlangoni kwangu.

"Mama Fausta, hodi. Nimekurudishia mume. Nimemlisha. Anasema wewe na chumvi hamsalimiani."

Nilimtazama Urbanus. Urbanus akatazama kuku.

Msicheke. Hakuwa peke yake. Mbuzi walilala kwa watu. Mama yake jirani yetu Agnesi alikwenda kuhani msiba, akaingia nyumba isiyo na msiba, akajitupa chini akalia. Wenye nyumba walipomwona analia, nao wakalia, wakidhani ameleta habari. Walilia pamoja hadi wakachoka, ndipo mmoja akauliza, "Sasa, mama, amekufa nani?" Hata nyani waliotoka upande wa mbuga walikuwa wanatushinda, wao walijua nyumba gani ina mahindi.

Nikasema basi, mume wangu halishwi tena na mtu. Nikachimba udongo, nikachora ukuta wangu wa mbele wote, kama wa mama yangu na zaidi. Maua, nyoka, vidole vya ndege, mistari inayokwenda na kurudi, nukta nyeupe katikati ya kila kitu. Mwanasha alikuja akasimama, kanga mdomoni.

"Mama Fausta, huu ukuta au harusi?"

Kesho yake Agnesi akataka wake. Alitaka jogoo. Nikamchorea jogoo mwenye mkia kama moto wa nyika. Ikawa balaa. Kila mwanamke aliyepita akasema, "Nami jogoo, kama wa Agnesi, ila mkubwa kidogo." Nikachora jogoo hadi mkono ukawa unawika. Mwishowe mtu akiuliza, "Kwako ni wapi?" anajibiwa, "Pale penye jogoo," na mstari mzima ni jogoo. Tukarudi kupotea, safari hii kwa uzuri zaidi.

Nikaona kosa ni kuwasikiliza. Nikaamua nichore nionavyo mimi: kila ukuta uoneshe mwenye nyumba alivyo. Nikaanza na Magreti. Magreti tulishuka naye kutoka Vidunda, namjua toka tukiwa na meno ya utoto. Sauti yake ikitoka hapa inafika Mabwerebwere. Nikamchorea ngoma, kubwa, nyekundu, na mdomo wa ngoma umefunguka.

"Hii nini?" akauliza.

"Wewe."

Ugomvi huo ulifika kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi alitusikiliza hadi chakula chake kikapoa. Magreti akaifuta ngoma kwa tope. Halafu, ili niumie roho, akachukua kijiti akaiga ukuta wangu mwenyewe! Maua yangu, nyoka zangu, nukta zangu. Aliiga vibaya; ua lake lilikuwa kama kaa, nyoka zake kama utumbo. Nilikuwa nikipita pale natazama upande wa pili.

Ulimboka akachoka nasi. Akaitisha mkutano. Nyuma yake alikuwa ameweka magunia ya chokaa.

"Ndugu wananchi," akasema, akihama kutoka mguu huu kwenda ule, "Jumamosi wanakuja wageni kutoka Kilosa, wanakagua vijiji. Nataka nyumba zote ziwe nyeupe."

Nikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, na kuta zangu?"

"Ni kuta za kijiji."

"Kijiji kilizichora lini? Mbona sikukiona na kijiti?"

Watu wakacheka. Ulimboka hakukasirika, na hilo ndilo lilinitia wasiwasi.

"Mama Fausta, mimi sikatai mkono wako. Lakini shamba letu lina mpango. Kisima kina mpango. Hata choo kina mpango. Wageni wakiniuliza, huyu jogoo na hawa nyoka ni mpango gani, nitasema nini? Niambie unafuata nini. Ukiniambia, kuta zitabaki. Ukikosa, Ijumaa tunapaka chokaa toka mwanzo wa mstari hadi mwisho."

Nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Magreti anaikumbuka siku hiyo kama watu wanavyoikumbuka mvua baada ya ukame.

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya ukuta wangu. Nikauuliza, wewe, nikikuchora nafuata nini? Ukanyamaza na nukta zake zote. Nikaenda kwa Mwanasha, yeye alikuwa msukaji wa mikeka ya ukindu.

"Mwanasha, ukisuka unafuata nini?"

"Nafuata mkeka."

"Mkeka unakwenda wapi?"

"Unakwenda kukaliwa, Mama Fausta. Kama hukalii, ni takataka ya rangi." Akaendelea kusuka. Nilitoka nimeudhika, kwa sababu lilikuwa jibu, na halikuwa langu.

Usiku ule sikugombana na mtu. Urbanus aliweka mkono wake kwenye paji la uso wangu, akifikiri ni homa.

Alhamisi unga uliisha. Nikajitwika mahindi nikaenda kusagisha Mikumi, maana mashine ya kijiji jirani ilikuwa imekufa. Kwenda si kitu. Kurudi, jua limeshageuka, limenikaa usoni, unga kichwani, shingo imeingia mabegani, vumbi la malori hadi kwenye meno. Nilipofika mwanzo wa mstari nikainua macho kutafuta nyumba yangu.

Sikuona ua. Sikuona nyoka. Kuta zangu zote, kazi yangu yote, zilionekana kama kuta zilizorukiwa na matope gari lilipopita. Jogoo walikuwa madoa. Chini mahindi yamefunika, juu kivuli cha nyasi za paa kimefunika. Nikasema moyoni, hapana, ni jua. Nikaiona nyumba yenye madoa mengi kuliko zote, nikajua hiyo ni yangu, nikaingia.

Mikono ikapokea mzigo wangu ikaniteremshia taratibu, nikashusha pumzi. Nikachota maji mtungini, nikanywa. Macho yalipozoea giza la ndani nikamwona Magreti amesimama, unga wangu miguuni pake.

"Wewe," nikasema, "unafanya nini kwangu?"

"Kwako?" Magreti akatazama juu, akatazama mtungi, akatazama kitanda chake. "Kwako?" Kisha sauti ile ikatoka, ile ya kufika Mabwerebwere. "Jamani njooni! Odilia amepotea! Mchoraji ameingizwa na nyoka zangu!"

Walikuja. Wote walikuja. Hata waliokuwa shambani.

Niliweka kata chini, nikajifuta mdomo. "Sikupotea," nikasema. "Nimekuja kukagua ukuta."

"Na unga?"

"Ukuta haukaguliwi na unga?"

"Na maji umekunywa!"

"Kukagua kunatia kiu."

Nashikilia hapo mpaka leo. Nilikuwa nakagua. Na ushahidi ni kwamba nilipotoka mlangoni sikwenda kwangu. Nilirudi barabarani, nikasimama mwanzo wa mstari, nikaja tena polepole. Nikarudi, nikaja. Magreti akasema, "Sasa amechanganyikiwa kabisa." Mwanasha akasema, "Mwacheni, anasuka."

Nilikuwa naona kitu ambacho sikuwahi kukiona hata Vidunda. Miaka yote nilichora pua imekaribia ukuta, kama mtu anayetafuta chawa. Nilichora kwa ajili yangu niliyesimama pale na kijiti. Lakini aliyeko nyumbani hautazami ukuta, yuko ndani anapika. Anayeutazama ni anayerudi. Anatoka mbali, amechoka, jua liko machoni, ana mzigo, hana nafasi ya nukta. Ua la Magreti bovu na ua langu zuri kwake ni doa moja. Anachoweza kuona ni kipande kile tu cha ukuta kando ya mlango, juu ya mahindi na chini ya kivuli, nacho kikiwa na kitu kimoja, kikubwa, cha rangi moja. Na kitu hicho kisiwe anachopenda jirani yake, wala ninachofikiri mimi juu yake. Kiwe kile anachokitafuta akiwa njiani.

Basi. Huo ndio mpango. Uliniingia nikiwa katikati ya barabara, dereva wa lori akinitukana.

Nikaanza kwa Magreti pale pale, maana watu walikuwa bado wamejaa.

"Magreti, ukirudi nyumbani jioni, njiani unatamani kukuta nini?"

"Nitamani nini kwako wewe, mnywa maji ya watu!"

"Jibu. Mbele ya mashahidi."

Akageuka akatazama mlango wake. Ana watoto wengi, Magreti, na mama mkwe, na wifi aliyeachika, wote kwenye vyumba viwili. "Kimya," akasema. Kwa sauti ndogo. Sikujua kama anayo.

Nikafuta nyoka zake zote. Nikauacha ukuta mtupu, nikaweka duara moja tu kando ya mlango, jekundu, na ndani yake hakuna kitu. "Ngoma hiyo," akasema, "imezibwa mdomo." Lakini hakuifuta.

Nikapita nyumba hadi nyumba. Agnesi alianza, "Jogoo," nikamkatiza, "Ukirudi, njiani, unatamani nini?" Akasema uji wa mtoto usiwe umemwagika, nikamchorea kibuyu kimesimama wima. Mwanasha akasema anatamani kuketi, nikamchorea mkeka, mistari mitatu mipana, akasema mistari yake haijanyooka lakini amesamehe. Wapo waliotamani vitu ambavyo siwezi kuviandika, nikawachorea mwezi.

Ijumaa Ulimboka akaja na watu wa kupaka chokaa. Akakuta wanawake wameshafungua magunia yake. Walinitangulia kupaka, wa Magreti wakalizunguka duara; kuta zote ila wangu zilikuwa nyeupe kama alivyotaka, na mimi niko na masizi na udongo mwekundu, kwenye ukuta wa mwisho kabla ya wake. Weupe wake ulikuwa umenifaa sana; kitu kimoja kikubwa kinataka kukaa mahali peupe. Sikumwambia hivyo.

"Mama Fausta, tulikubaliana!"

"Shikamoo, Mwenyekiti. Tulikubaliana nikuambie ninachofuata. Twende barabarani nikuambie."

"Marahaba. Sina muda wa barabarani."

"Basi wageni wakikuuliza utasema huna muda."

Akaja, hatua fupi fupi, viatu vinamlilia. Nikamsimamisha mwanzo wa mstari, hatua chache tu kutoka pale pake pa kila asubuhi, upande wa barabara, nikamwambia atazame. Akafumba jicho moja. Mstari wake ulikuwepo, haukuharibika. Lakini sasa ilikuwa duara, kibuyu, mkeka, mwezi, hadi huko mwisho. Nikamweleza kila nilichokuambieni. Akasikiliza, akafumbua jicho.

"Ukuta ni wa anayerudi," akasema taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Ndiyo."

"Hilo naweza kulisema kwa wageni." Akajikohoza. "Mimi nichoree mwenge."

"Ukitoka mkutanoni jioni, njiani unatamani mwenge?"

"Mimi ni mwenyekiti."

"Nimeuliza unatamani nini. Sikuuliza wewe nani."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Watu walikuwa mbali kidogo. Akainama hadi sikioni kwangu. "Natamani kuvua hivi viatu, dada. Tangu nivae mguu huu wa kulia natamani hilo tu."

Nikamchorea. Kando ya mlango wake, vyeusi, vikubwa, vimewekwa pembeni pamoja, kamba zimelegea, hakuna mguu ndani. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote, na Jumamosi asubuhi alipouona aliomba tuufute, lakini gari la wageni lilikuwa limeshafika kisimani.

Walikagua shamba, wakakagua kisima, wakakagua na choo. Sisi wanawake tulifuata nyuma. Walipofika kwenye mstari, mkubwa wao, mzee mnene wa suti ya mikono mifupi, akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, hii michoro ni mpango gani?"

Nilishika mkono wa Mwanasha hadi akasema namvunja.

"Mzee," akasema Ulimboka, "kwetu ukuta ni wa anayerudi." Akaeleza vizuri, nakubali, kama yake. Hakunitaja. Mzee akatikisa kichwa, wala sikujua ni cha kukubali au cha kukataa, wakaendelea hadi kwa Mwenyekiti, ambako chakula kilikuwa kinawangoja.

Pale mlangoni mzee akauona ukuta. Akatazama vile viatu vilivyochorwa. Akatazama weupe wa nyumba na ua ulivyofagiliwa. Akainama, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akavua viatu vyake.

Wageni wengine walipoona mkubwa amevua, nao wakavua. Karani alikuwa na soksi iliyotoboka, dole gumba limechungulia, alilificha nyuma ya mguu wa pili. Wakaviweka viatu vyao chini ya vile vyangu, kwa mstari, vimenyooka kuliko kamba ya Ulimboka.

"Wallahi," Mwanasha akanong'ona, "wamedhani msikiti."

Ulimboka alibaki amesimama. Nikaona uso wake unavyofunguka kidogo kidogo. Akaketi kwenye kizingiti chake, mbele ya kijiji chote, akafungua kamba, akavua kiatu cha kushoto, akavua cha kulia, akafumba macho yote mawili. Hatukuwahi kumwona akifumba yote mawili.

Mzee alipoondoka alisema hajaona kijiji kisafi namna hiyo, hadi miguu imefikiriwa. Kuta zikabaki. Ulimboka toka siku ile aliongoza mikutano peku, na kwa kweli iliisha mapema.

Ukuta wangu mwenyewe niliufanya mwisho, Ijumaa jioni. Niliyafuta maua, yote, na sitasema kama nililia, hilo si la kuandikwa. Nikachora mikono miwili kando ya mlango, imenyooshwa juu, viganja wazi, kwa urefu wa mtu aliyejitwika.

Urbanus akaja akasimama. "Mama Fausta, hii mikono ya nani?"

"Yako."

"Inafanya nini?"

"Inatua unga."

Akajikuna shingo. Wiki iliyofuata nikitoka Mikumi, jua liko usoni, niliiona tangu kisimani. Na chini yake nilimwona Urbanus, ametoka nje, amenyoosha mikono hivyo hivyo kama ilivyochorwa, hata mapema mno, mimi bado niko mbali. Magreti alikuwa mlangoni kwake, kando ya duara lake, anatazama.

"Odilia!" akapaza. "Leo umekuja kukagua ukuta wa nani?"

Nikapita. Nilikuwa na mzigo, na nilikuwa najua ninakokwenda.